Chupa Mbili za Alhamisi

Profesa wetu wa biokemia alikuwa na chaki za rangi. Naanza na chaki kwa sababu yeye mwenyewe alianza nazo kila asubuhi. Alifungua kisanduku chake cha bati, akazipanga mezani moja moja, nyekundu, kijani, manjano, bluu, akazitazama kwa mapenzi ambayo sisi wanafunzi wake hatukuwahi kuyaonja, ndipo akatugeukia. Halafu akachora. Alichora duara kubwa, na kuzunguka duara mishale, na kwenye kila mshale jina la asidi refu la kumkatisha mtu pumzi. Sukari iliingia upande huu, mafuta upande ule, joto na hewa chafu vikatoka chini. "Huu ndio mwili, messieurs," alisema, akituita mabwana kwa Kifaransa chake cha puani, akarudi nyuma kidogo ili naye aufaidi.

Lilikuwa duara zuri, sikatai. Somo lenyewe nililipenda, na ndiyo maana yule bwana alinichefua zaidi. Mwalimu mbaya wa somo unalolichukia hana shida, unasinzia tu darasani. Lakini kumwona mtu amekalia kitu unachokipenda huku anakula yai, hilo linakata maini. Ndiyo, alikula darasani. Kila ilipofika saa nne alitoa kwenye mkoba wake yai la kuchemsha, mkate wa siagi na kahawa ya moto, akala mbele yetu akiendelea kutueleza ini linafanya kazi gani tumbo likiwa tupu. Vipande vya kiini cha yai vilimdondokea kwenye tai. Hakuna aliyethubutu kumwambia, na mimi nilikuwa nikiombea vizidi.

Huo ulikuwa mwaka wa pili wa kujitenga kwa Katanga na Kongo, na mji wetu wa Lubumbashi ulikuwa bado unaitwa Elisabethville. Tulikuwa na nchi yetu wenyewe, ndivyo tulivyoambiwa. Ilikuwa na bendera, ilikuwa na stempu, ilikuwa na noti za kupendeza macho na wakubwa waliopita kwa magari marefu huku sisi tukirukia mitaroni. Ilikuwa na vita pia. Vile vya Desemba, na askari wa Umoja wa Mataifa, vilikuwa vimepita juzijuzi tu, na vioo vya maabara upande wa barabarani vilikuwa vimekwenda navyo. Mahali pa vioo palipigiliwa mbao, mvua ikinyesha tuliwasha taa mchana, kama umeme ulikuwepo. Chaki za rangi tu ndizo hazikupungua.

Na sisi wanafunzi hatukuwa bora. Tulikuwa wachache, na wengi wetu walikuwa wajinga wa aina moja, wale wanaoamini kwamba koti jeupe likishavaliwa daktari amekwisha patikana. Walilivaa maabara, wakalivaa barabarani, wakalivaa mpaka soko la mtaa wa Kenya, wananunua nyanya huku kola imesimama, wakingoja mama muuza nyanya awaite dokta. Majina ya asidi waliyakariri kwa sauti kama kasuku, toka mwanzo hadi mwisho, na ukimkatiza mmoja katikati ilibidi arudi mwanzo. Walipomwona profesa waliinamisha vichwa vyote kwa pamoja. Yeye kwa upande wake alituita kwa ile "wewe" ya Kifaransa wanayoitiwa watoto na mbwa.

Mimi ni mtoto wa Kenya, si ile nchi, ni komini, mtaa wa mji wetu wenye watu wengi na kelele nyingi. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na baba yake ndiye aliyekuja kutoka Maniema na Uislamu wake na mkasi wake. Nyumba yetu ilikuwa na cherehani barazani, jiko uani, na mama yangu kila mahali. Darasa zima mimi peke yangu ndiye niliyekuwa Mwislamu, na jambo hilo halikuwa na maana yoyote mpaka mwezi wa Ramadhani ulipoingia.

Maabara tulikaa wawili wawili. Mwenzangu wa meza alikuwa mwana wa watu wa Kasai, mkoa wa jirani, ingawa Kasai kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Alizaliwa hapahapa, baba yake alikuwa karani wa duka, na nyumbani kwao kulikuwa na viti vya mto na redio. Kisha watu wa Kasai wakaanza kuitwa wageni na kufukuzwa. Majirani waliokuwa wakiomba chumvi kwa mama yake wakaja na mawe. Baba yake aliugua majeraha ya mawe hayo hadi akafa, na familia ikakimbilia kambini, nje ya mji, kule ambako maelfu walilala chini ya maturubai na mabati ya kuokota, wakilindwa na wale askari wa Umoja wa Mataifa wa kofia za bluu. Yeye alikuwa na kitanda chake katika bweni la chuo. Akakiacha, akaenda kulala kambini na mama yake na wadogo zake.

Darasani ni mimi tu niliyejua hilo. Haikuwa siri ya mchezo. Wenzetu wawili watatu walikuwa na kaka zao kwenye jeshi la Katanga, na kwao kijana yeyote wa kambini alikuwa adui. Kwa hiyo kila asubuhi alifika amenawa, koti limekunjwa kwapani, viatu amevifuta matope kwa majani, akakaa, akasema "Bonjour" kama mtu aliyetoka kwenye kifungua kinywa. Alikuwa na mwili mpana wa kurithi, mabega makubwa, na koti lile jeupe lilificha mengine. Alikuwa na akili kuliko sisi wote, profesa nimemtia humohumo.

Basi Ramadhani ikaingia. Siku moja profesa alipitisha birika la maji ya sukari ili tuonje, sijui tujifunze nini kutokana na utamu. Birika lilipofika kwangu nikamwambia siwezi, nimefunga. Macho yakamng'aa.

"Umefunga? Huli kabisa?"

"Mchana, Profesa. Jua likizama tunafuturu, na kabla ya alfajiri tunakula tena. Tunaita daku."

"Mwezi mzima!" aliwaambia wenzangu, kana kwamba mimi ni sanduku lililowekwa pale. "Mwezi mzima hawali. Nimekaa Afrika miaka mingi, nawajua Waarabu."

Nikamwambia mimi si Mwarabu, na kwamba tunakula, tena vizuri. Akanipungia mkono ninyamaze. Alikuwa amekwisha pata alichokitaka. Alhamisi ile kulikuwa na zoezi la kupima mkojo wa mtu mwenye njaa, na kwa kawaida mwanafunzi mmoja alilazimishwa kushinda na kulala bila kula. Mwaka huu dini yangu ingemfanyia kazi bure. Akaiteua meza yetu. Mimi nitakuwa aliyefunga, mwenzangu wa meza atakuwa aliyeshiba, kila mmoja alete chupa yake asubuhi.

Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa anakuna kucha yake kwa penseli.

Kipimo chenyewe ni chepesi, mtu yeyote anaweza kukifuata. Mwili ukikosa chakula unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na mafuta yakichomwa hivyo yanaacha masalio yanayotoka na mkojo. Unatia mkojo kidogo kwenye bomba la kioo, unatia dawa, unadondoshea amonia pembeni. Mwenye njaa, mkojo wake unageuka zambarau. Aliyekula, haugeuki kitu. Hakuna uongo hapo. Ni kipimo chenye adabu zaidi ya mtu aliyekuwa akitufundisha.

Alhamisi ilipofika nilikuwa nimekula daku ya bukari, ndio ugali wetu, na maharagi, na juu yake chai ya maziwa yenye sukari, kwa sababu mama yangu aliamini kwamba mwanafunzi wa udaktari anaweza kuanguka wakati wowote. Saa mbili tulikuwa mezani, darasa zima limetuzunguka. Profesa akatia dawa kwenye bomba langu, akadondosha amonia, akalinyanyua kwenye taa, akaanza kutangaza, "Angalieni sasa jinsi..." Halikugeuka kitu. Akalitikisa. Likabaki vilevile, manjano, tulivu.

Akalishika bomba la mwenzangu, lile la aliyeshiba. Hakuwa amemaliza kudondosha amonia, rangi ikapanda. Zambarau, nzito, ya kutisha.

Wenzetu wakaangua kicheko. Profesa alibadilika rangi naye. Nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba angeuliza. Mtu mzima, msomi, ameshika bomba linalomwambia kwa rangi kubwa kwamba kijana aliye mbele yake hana kitu tumboni. Angemtazama tu usoni ingetosha. Hakumtazama. Alitazama vibandiko vya chupa, kisha akanigeukia mimi.

"Mmebadilishana chupa," alisema. "Wewe uliona aibu, ukampa mwenzako chupa yako. Au umekula kwa siri ukaidanganya dini yako, na huyu naye akajitia kujua mchezo. Sijali ni lipi."

"Profesa, nilikula daku. Nilikuambia."

"Kimya."

Akatupa masharti mbele ya wote. Alhamisi ijayo tutarudia. Mimi nifunge kweli, mwenzangu ale kweli. Yakitoka tena maajabu, sifuri kwa wote wawili. Alama ya maabara ndiyo iliyokuwa ikiamua nani apande mwaka unaofuata, kila mtu alijua. Mimi nikianguka ningerudi kwenye cherehani ya baba, si mwisho wa dunia. Yeye akianguka angepoteza chuo, na bila chuo kilichobaki kilikuwa treni ya kwenda Kasai pamoja na wengine wa kambini waliokuwa wakirudishwa, nchi ya babu zake ambayo hakuijua hata kwa picha.

Tulipotoka nilimvuta pembeni barazani. Mvua ilikuwa inanyesha, hakuna aliyetusikia, tukaongea kile Kiswahili cha mjini kwetu.

"Weye jana ulikula nini?"

"Jana hakukuwa kintu."

"Na juzi?"

"Juzi tulikuwa na bukari. Kidogo. Niliachia batoto."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nikuambie nini? Minasikia njaa? Bantu bote kule banasikia njaa. Haiko habari."

Alisema hivyo bila kulalamika, na hilo lilinitia uchungu kuliko kama angelia. Kisha, akitazama mvua, akaniambia habari ya mdogo wake wa mwisho, kitoto cha kike kilichoanza tu kuzungumza vita vilipoanza, kikaacha.

"Miguu inavimba. Nywele inakuwa nyekundu. Sasa haombake chakula. Unamupatia, anageuza kichwa. Halii. Anaikala tu, anaangalia chini."

Tulikuwa tumejifunza ugonjwa huo wa utapiamlo wiki chache kabla. Profesa aliuchora kwa chaki ya kijani, mshale mmoja ukikatika katikati ya duara. Alitusomea majina ya vile vinavyokosekana, akamalizia yai lake.

Nilikwenda nyumbani nikamweleza mama. Sikumweleza habari ya asidi, nilimwambia kuna mwenzangu lazima ashibe mpaka Alhamisi, la sivyo atafukuzwa chuo. Mama yangu hakuuliza ni chuo gani hicho kinachofukuza watu kwa sababu ya njaa. Alisema tu, "Akuje."

Akaja Jumatatu alasiri. Mama alikuwa amemtengea chakula kwenye mkeka, peke yake, kwa sababu sisi tulikuwa bado tunangoja jua lizame. Alisimama mlangoni, mikono ameiweka nyuma.

"Mama, asante. Lakini siwezi kula mbele ya bantu benye kufunga. Ni haya."

"Weye hauko wa dini yetu. Kula, mutoto yangu."

"Hapana, mama. Mutanisamehe."

Akisubiri futari angechelewa, kwa maana magharibi ilipoingia barabara zilifungwa, na askari wa pande zote walipiga risasi kwanza wakauliza baadaye. Mama akapenda adabu ile kupita kiasi. Akatia chakula kwenye sufuria ya bluu yenye kifuniko, bukari na sombe, yaani kisamvu, ya karanga na samaki wadogo wakavu, akaifunga kwa kitambaa. "Utakula kule kwenu," akamwambia. "Kesho leta sufuria." Baba yangu, asiyesifu mtu, alisema kijana huyu amelelewa.

Kesho yake sufuria ikarudi imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa. Mama akaijaza tena, na Jumatano tena. Mimi niliona kazi imekwisha. Chakula kinakwenda, sufuria inarudi tupu, hesabu gani tena hapo?

Kilichobaki ilikuwa zamu yangu ya kukaa na njaa, maana daku ingeniharibia tena. Nilipotangaza kwamba kuanzia Jumanne sitakula daku wala futari, nyumba iliwaka moto.

"Mutoto yangu anataka kufa juu ya mukojo!" mama alilia, akawaita majirani washuhudie.

Baba akaleta sheria. Kuunganisha funga hakuruhusiwi, jua likizama lazima mtu afungue. Tukabishana, tukakubaliana nifungue kwa maji na tende moja kavu kati ya zile alizokuwa akizibania tangu njia za biashara zilipokatika. Tende moja, basi. Nilijiona shujaa. Nilikuwa nikifunga tangu utotoni, na nilidhani njaa naijua.

Sikuijua. Funga yetu ni njaa yenye saa yake, unaiona futari inakuja tangu mchana, unasikia harufu ya kitunguu uani. Hii nyingine haina mwisho unaoonekana. Jumatano kichwa kilinigonga, ulimi ukawa mzito, na mdomo wangu ukatoa harufu ya matunda yaliyolala, ileile iliyoandikwa vitabuni. Nilikaa barazani karibu na cherehani, nikisikia baridi katika joto la Februari, nikajua kwamba ndani yangu ini lilikuwa linaifanya ile kazi ya ubaoni, mshale kwa mshale, bila chaki. Nilimkasirikia kila mtu. Nilimkasirikia mama kwa kupika. Kitabu nilikifungua nikasoma mstari mmoja mara nyingi bila kuuelewa, nikafikiri, huyu mwenzangu amekuwa akisoma hivi kwa miezi, na ndiye wa kwanza darasani. Mungu anisamehe, nikamkasirikia na yeye.

Alhamisi nilifika maabara nikishika ukuta. Mwenzangu alikuwa amekwisha kaa, amenawa, ametulia, chupa yake mbele yake. Nilimnong'oneza, "Ulikula?" Akatikisa kichwa kukubali. Profesa alikuja mapema siku hiyo, na kwa sababu alikuja mapema, alikula mapema. Ganda la yai alilimenyea kwenye sahani ya maabara, karibu kabisa na pua yangu. Njaa ile yote, na bado sikulitamani.

Alianza na bomba langu. Dawa, amonia. Zambarau ikapanda taratibu, safi, ya kupendeza. Alifurahi kama mtu aliyenizaa.

"Mnaona? Akiamua, anaweza kuwa mkweli." Wenye makoti yao wakacheka kwa heshima.

Akachukua bomba la mwenzangu, aliyeshiba. Akatia dawa huku anatazama dirishani, kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari. Akadondosha amonia. Sisi tuliona kabla yake. Zambarau. Si ile ya kwangu ya siku mbili na tende. Yake ilikuwa nyeusi karibu, kama wino.

Hakuna aliyecheka. Nilimgeukia mwenzangu, na yeye alikuwa anatazama mikono yake.

Sasa hapa nataka nieleze alichofanya profesa wetu, kwa sababu baadaye nimefanya kazi na madaktari wengi, wazuri na wabaya, sijaona tena kitu kama kile. Mabomba mawili, watu wawili, rangi moja. Mtoto wa darasa la kwanza angejua kuna maswali mawili tu. Ama dawa imeharibika, inageuza kila kitu, ama wote wawili wana njaa. Na kuyatenganisha si kazi. Unatia maji ya bomba kwenye kioo cha tatu, unatia dawa ileile. Maji yakibaki maji, dawa ni nzima. Ni kazi ya dakika moja, na bomba la maji lilikuwa mkono wake wa kushoto.

Hakutia maji. Alinyanyua chupa ya dawa kwenye taa, akaizungusha, akaguna. Akasema dawa imekuja na lori kutoka Rhodesia, imepigwa na jua njiani, imekufa. Akasema hata ya wiki iliyopita ilikuwa imekufa, na kwa hiyo, kwa ukarimu wake, anafuta maneno yote aliyosema, hakuna aliyebadilisha chupa, kila mtu atapewa alama ya kupita. Akaimwaga dawa yote kwenye sinki. Dawa nzima, nzuri, katika mji usiokuwa na dawa. Kisha akachagua chaki nyekundu, akaandika ubaoni kwa herufi zake za mapambo, "Matokeo: hakuna." Akatuamuru tunakili.

Tukanakili. Wenye makoti wakapiga mstari chini kwa rula.

Basi tulikuwa tumepona, wote wawili. Chuo kilibaki chake, treni ya Kasai ingekwenda bila yeye, na aliyetuokoa ni upumbavu wa mtu mmoja. Ningepaswa kushukuru. Lakini nilitoka pale nusu njaa, nusu hasira, nikamshika shati barazani kabla hajalikunja koti lake kwapani. Chini ya shati mkono wangu ulikuta mbavu. Sikujali.

"Chakula ya mama yangu ulipeleka wapi? Mie nilikaa na njaa juu yako. Mama anapika, anajaza sufuria, weye unaniambia ulikula. Ulikula nini? Ulitaka batufukuze?"

Aliniacha nimalize. Hakuutoa mkono wangu.

"Nilionja," alisema. "Kila siku nilionja, nisimubeze mama yako. Kuonja tu, paka kuonja."

"Na bingine?"

"Nilimupatia ule mudogo. Jumatatu aligeuza kichwa. Jumanne mama alimutilia samaki mu kinywa na kidole, akameza."

Nilikuwa bado nimemshika, bado natafuta tusi la kumfaa. Ndani, kupitia mlango uliokuwa wazi, niliwasikia wale wengine wakiyakariri majina ya asidi kwa ajili ya wiki ijayo, na profesa akifunga kisanduku chake cha bati. Ubaoni maneno yake mekundu yalikuwa yangalipo.

"Jana alikula mwenyewe," mwenzangu akasema. "Akamaliza. Akaomba ingine."

Nikaliachia shati.